Staringi Hapigi Mwanamke

Banda letu la video lilikuwa Temeke, nyuma ya nyumba ya mama, mahali ambapo zamani tulifuga kuku. Harufu ya kuku haikuisha. Mvua ikinyesha ilikuwa inarudi yote, na watu walilipa kiingilio, wakainusa, wakakaa. Mbele palikuwa na televisheni moja juu ya meza ya mninga, imefungwa mnyororo miguuni, maana miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kilichoingia nchini kutoka Dubai kingeweza kutoka dirishani kwako kabla ya alfajiri. Vituo vya televisheni vilikuwa bado havijaanza huku bara. Aliyetaka kuona dunia alikuja kwetu, akakaa kwenye ubao, akaiona dunia ikipigana.

Mimi, binti wa nyumba, ndiye niliyekaa kwenye deki ya kuchezea kaseti. Nilikuwa nimemaliza shule, na shule nayo ilikuwa imenimaliza. Baba alikwisha fariki, mama alikuwa na banda lake, na mimi nilikuwa na vidole vya kubonyeza. Nyuma ya pazia langu nilikuwa na deki, amplifaya na waya wa maiki. Naamini niliona watu wengi wakifa kuliko askari yeyote wa kambi ya Gongo la Mboto. Niliona macho yaking'olewa kwa vijiti vya kulia wali, niliona mtu akitupwa kwenye tanuri la chuma akiwa na viatu vyake, na chakula cha mchana nilikula hapo hapo, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye kitufe.

Kila banda lilikuwa na sheria zake, lakini tatu zilijulikana kuanzia Temeke mpaka Kinondoni. Mtu mwema wa filamu ni staringi na mbaya wake ni adui. Staringi hafi. Staringi hapigi mwanamke. Zikivunjwa, watazamaji nao wanavunja. Siku moja tulileta filamu ya Kimarekani ambamo staringi alipigwa risasi mwishoni, akafa kweli, akafukiwa. Vijana waling'oa mabenchi mawili, na mmoja akapasuliwa paji la uso kwa ubao uliokuwa na msumari. Damu ile mama aliiosha kwa sabuni ya mche na haikutoka. Filamu hiyo hiyo tuliionyesha tena baada ya muda, na watu wakatoka wameridhika, kwa sababu mtafsiri wetu alikuwa ametangaza mapema kwamba aliyekufa ni pacha wa staringi.

Mtafsiri huyo alikuwa baba mdogo, mume wa mdogo wake mama. Alikaa kwenye stuli ndefu kando ya televisheni, maiki mkononi, na kila neno la kila nchi lilipita mdomoni mwake likatoka Kiswahili. Kihindi alitafsiri, Kichina alitafsiri, Kiingereza alitafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, alikofanya kazi ya kuhesabu magunia: majina ya mizigo, salamu, na matusi ya mabaharia. Vilivyobaki vyote havikumpa shida, maana hapakuwa na aliyevijua wa kumsahihisha. Alikuwa akitazama mtu anavyokunja uso, basi anakwambia amesema nini, na ukiapishwa ungekubali kwamba ndivyo alivyosema. Sauti yake ilikuwa nzito na laini kwa pamoja. Watu walitoka Mtoni na Tandika kuja kumsikiliza yeye, si kutazama filamu. Ngumi alizipiga kwa mdomo, na makofi aliyapiga kwenye paja lake mwenyewe, karibu na maiki, mpaka mtu wa benchi la nyuma anashika shavu.

Nilimpenda baba mdogo. Nasema wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa hampendi. Alisalimia wazee kwa unyenyekevu, alibeba jeneza mbele, alitania watoto. Mama mdogo alikuwa na bahati, walisema, kuchekeshwa bure kila siku.

Mama mdogo alikuwa mwembamba, wa maneno machache, na Mungu hakuwa amewapa mtoto. Mara mbili alikuja kwetu na kikapu chake akasema harudi kwa mume, anapigwa. Wazee wa ukoo walikaa, wakamtazama usoni na mikononi, hawakuona alama. Wakauliza nani ameshuhudia, hakuna. Baba mdogo alikuja na doti ya khanga, akaomba radhi kwa sauti ile, wazee wakalainika mpaka mmoja akafuta machozi, na mama mdogo akarudishwa na wosia wa kuvumilia. Mama yangu naye alisema ndoa ni siri ya wawili. Lakini usiku alikuwa akikatakata vitunguu kwa nguvu isiyokuwa na sababu.

Baadaye mama mdogo alibadilika. Majirani walisema anaringa. Unampita njiani, unamwita, anakuacha na salamu yako mkononi. Unamwuliza bei ya mchicha, anatazama mbele. Mke wa mtafsiri, walisema, siku hizi mpaka umwandikie barua.

Sasa Mzungu mmoja wa Oysterbay alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vya nyumba yake. Mama alifuata friji. Friji aliipata, na pamoja na friji akalazimishwa kuchukua boksi la kaseti za video, maana Mzungu hakutaka kuzibeba. Tulipofika nazo nyumbani tulizijaribu moja moja, na tukashika tama. Zilikuwa filamu za Uingereza, za Ufaransa, za Ujapani, za Uajemi, za nchi ambazo hata majina yake kwenye kaseti tulishindwa kuyasoma, na katika boksi zima hapakuwa na ngumi ya maana. Katika moja, mzee wa Kiajemi alitafuta mbuzi wake kutwa, jua likazama, filamu ikaisha. Katika nyingine mwanamke wa Kifaransa alipanda treni, akatazama nje, akashuka. Sijui Mzungu yule alikuwa anatafuta nini humo.

Baba mdogo hakukata tamaa. Kaseti ya Wajapani ilikuwa na babu na bibi wamekaa sakafuni, wanakunywa chai, wanasema neno moja kila baada ya muda. Aliitafsiri siku ya Ijumaa banda likiwa limejaa. Babu akawa jambazi mstaafu aliyewachinja watu wa kijiji kizima, na kila alipopeleka kikombe mdomoni alikuwa anamweleza bibi namna alivyomaliza mmoja wao, kwa panga, kwa kamba, kwa jiwe la kusagia. Bibi alipotikisa kichwa, baba mdogo akasema, "Bibi anauliza, na yule mwenye ndevu ulimfanyaje?" Watu walishangilia chai kama wanavyoshangilia goli. Nilicheka nikaegemea deki mpaka picha ikaruka.

Shoo ya akina mama ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Wanaume hawakuingia isipokuwa mtafsiri, na tulionyesha Kihindi, maana kina ngumi na machozi pamoja. Wanawake walitandika mikeka mbele, wakavua ndala, wakaleta karanga na maneno yao. Mama mdogo alikaa mkeka wa kwanza kabisa, chini ya stuli ya mumewe. Mahali hapo mumewe ndiye aliyemchagulia.

Jumamosi moja deki ilikula mkanda wa Kihindi, filamu ikiwa haijafika hata kwenye wimbo wa kwanza. Nilivuta mkanda umejikunja kama utumbo wa kuku. Wanawake wakaanza kupiga kelele. Mama aliingiza mkono kwenye boksi la Mzungu, akatoa kaseti ya juu, akanipa, akasema weka hii, shemeji atajua la kufanya. Hakuna aliyekuwa ameitazama.

Ilikuwa ya Uingereza. Mvua, matofali mekundu, nyumba zimeshikana bega kwa bega, nguo zimeanikwa ndani kwa sababu nje hapana jua. Wanawake walistaajabu. Ukuta wa jiko ulikuwa na ukungu mweusi kwenye kona, sawa na wa kwetu, na Mzungu wa kike alikuwa anaosha vyombo mwenyewe kwa mikono yake. Jirani yetu, mama mmoja mnene wa makamo aliyekuwa anauza vitumbua, alisema kwa sauti kwamba kumbe hata wao wapo waliosahauliwa. Tulicheka.

Mume akaingia, ametoka kulowa. Akatundika koti. Baba mdogo akaanza kazi: huyu ni staringi, mpelelezi, ametoka kufukuza majambazi wa dhahabu, amechoka, ana njaa. Mke akaweka sahani mezani. Mume akatazama sahani, akasema neno kwa sauti ya chini. "Anasema, chakula kitamu mke wangu, ila nina kazi usiku huu." Mke hakutabasamu. Mume akainuka taratibu, akazunguka meza, akampiga.

Hapakuwa na muziki. Ndilo jambo ninalolikumbuka. Katika filamu zetu kabla mtu hajapigwa ngoma inakuandaa, na baada ya kupigwa anaruka hewani. Huyu alianguka kando ya jiko kimya kimya, sufuria ikaanguka naye, akampiga tena akiwa chini, na kilichosikika ni pumzi zao tu. Na baba mdogo hakupiga paja. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na maiki mkononi na hana la kusema.

Muuza vitumbua akasema, "Staringi hapigi mwanamke. Basi huyo siyo staringi."

Baba mdogo akapata sauti. Akaeleza kwamba mwanamke ndiye adui, ametumwa na majambazi, ametia sumu kwenye chakula, staringi amenusa, anajitetea. Wanawake wakaguna. Kwenye kioo mume alikuwa ameketi sakafuni karibu na mkewe, amemshika kichwa, analia machozi ya kweli, anasema na kusema. "Anasema," akatangaza baba mdogo, "nitajie wenzako walipoficha dhahabu."

"Hajasema hivyo."

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Hakugeuka wala hakusimama. Alikuwa anautazama mdomo wa Mzungu yule, na Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji.

"Anasema, ona unavyonifanya. Watu wote wananipenda kasoro wewe. Huko nje nacheka na watu, nikirudi humu ndani unanigeuza mnyama."

Baba mdogo alicheka kwenye maiki, akasema leo tumepata watafsiri wawili, akaendelea na dhahabu yake. Lakini wanawake walikuwa wameinamisha shingo mbele, wanamsikiliza mwingine. Kwenye kioo mke alivaa koti, akashika mlango. Mume akasimama kati yake na mlango, hakuinua mkono, akasema tu.

"Anasema, ukitoka hapa nitakuzika," alisema mama mdogo. "Anasema, uende kwa nani? Kwa dada yako? Dada yako anakula kwa mdomo wangu."

Sasa, Mzungu yule wa kwenye filamu hakuwa na shemeji mwenye banda. Hilo lilimfikia kila mtu kwa wakati wake. Nililiona likipita mkeka kwa mkeka, vichwa vikigeuka, mpaka wote wakawa wanamtazama mama yangu aliyekuwa amesimama mlangoni na karai la karanga. Uso wa mama ulikuwa umekauka. Baba mdogo alipandisha sauti, akapiga kelele za bunduki, risasi, mabomu, wapelelezi wanaingia jikoni kwa Mzungu, spika zikaanza kukwaruza. Nikauvuta waya wa maiki, ukachomoka. Mdomo wake uliendelea kutembea na hakuna kilichotoka.

Alishuka kwenye stuli. Nilidhani anakuja kwangu. Hatua yake ilikuwa moja tu, akainama, akampiga mama mdogo kwa viganja vyote viwili, masikioni, kwa pamoja, kama mtu anayeua mbu. Mlio wake niliufahamu. Tulikuwa tukiusikia kwenye spika kila siku na tukiushangilia.

Mama yangu aliweka karai chini. Akafunga mlango, kwa ndani, akatia komeo.

Nimeshaulizwa siku ile ilikuwaje, na huwa nasema sikuona vizuri kwa sababu ya giza. Niliona. Muuza vitumbua ndiye aliyeanza, alimshika ukosi akamvuta mpaka katikati ya mikeka. Walimpiga kwa ndala, kwa chupa za soda, kwa ubao wa benchi. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida alisaidiwa kuketi alimkalia miguu. Mwingine alimng'ata mkono mpaka akaja na kipande cha shati. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha, wanawake wa Temeke wako kimya wanapiga, na nyuma yao filamu inaendelea peke yake kwa Kiingereza. Unyusi wake ulipasuka, kidole kikavunjika, jino likatoka na likakanyagwa. Kila mmoja alipiga na wake. Nilimwona jirani yetu wa upande wa kisima anapiga huku anataja jina la mtu mwingine kabisa, marehemu mumewe. Mimi nilitoka nyuma ya pazia na kumpiga mbavuni kwa mguu, mara moja, kwa nguvu zangu zote, na nilisikia raha. Mama mdogo peke yake hakugusa. Alibaki mkekani ameshika kichwa, akitazama filamu mpaka mwisho.

Baba mdogo alitoka kwa kupasua bati la banda.

Aliyekwenda kushtaki ni yeye. Alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi akiwa amefungwa bendeji, akasema ameshambuliwa na wanawake kwenye kazi yake halali. Kisha akaenda kwa sheikh wa mtaa akasema anamtaka mke wake, ambaye dada yake amemzuia kinyume cha sheria. Mjumbe na sheikh wakakubaliana kulimaliza kwa kikao kimoja, baada ya sala ya alasiri, barazani kwetu. Kama sheikh angeona hakuna madhara, mama mdogo angeondoka na mumewe jioni hiyo hiyo. Alikuwa amekwisha funga kikapu chake. Nilimwuliza kwa nini anafunga, akasema, "Nikirudishwa, mwanangu, heri nisimcheleweshe." Mimi nilijua, na mama alijua, kwamba akirudi mara hii hatutamtoa akiwa mzima.

Baba mdogo alikuja na wajomba zake. Uso ulikuwa umevimba upande, lakini sauti ilikuwa ile ile, na alipoanza kusema nilijiona nimesogea mbele kumsikia, nikajichukia. Alikiri kofi moja. Alisema mwanaume yupo kazini, mkewe anasimama kumwaibisha mbele ya hadhara kwa maneno ya kubuni, hasira zikamshinda, na yuko tayari kuomba radhi. Ila na wao wanawake wamwombe radhi. Wazee wakatikisa vichwa. Nikaona mambo yanaelekea kule kule, kwenye doti ya khanga.

Sheikh alikuwa mtu mwadilifu, sina ubaya naye, lakini alitaka ushahidi. Akawauliza wanawake wameshuhudia nini zaidi ya kofi lile. Muuza vitumbua akasema wamesikia maneno yake. Sheikh akauliza wameyasikia wapi. Akajibu, kwenye video. Wajomba walicheka, na hata mjumbe alificha mdomo.

"Cheka tu, mjumbe," alisema muuza vitumbua. "Mie nilisikia. Alimwambia ukitoka hapa nitakuzika."

"Uongo huo," alisema baba mdogo.

"Alisema nitakuzika, sie wote tumesikia."

"Siyo nitakuzika. Mie siwezi kusema kitu cha kijinga namna hiyo, nitakuzika, kama mchimba makaburi." Alikuwa ameudhika kweli kweli, ameinua kidole kile kizima, anamsahihisha. "Nilimwambia, mlango huu umeingia kwa miguu, utatoka umebebwa."

Alilisema kwa sauti ya kazini, na lilikuwa zuri. Mtafsiri mzima, asingeweza kuacha neno lake liharibiwe na mtu wa mkekani. Ilichukua muda kidogo kabla yeye mwenyewe hajalisikia. Wajomba waliacha kucheka. Sheikh aliweka tasbihi juu ya goti.

"Kwa hiyo ulimwambia," alisema sheikh.

Baba mdogo akaanza kulipamba. Maneno ya hasira, alisema, kila nyumba ina yake. Halafu akasema yule mwanamke anamtia mtu wazimu, ana kiburi. Unamwita hakuitikii. Unamwita tena, amekupa mgongo anachambua mchele kana kwamba aliyeita ni paka. Ndipo mtu anamwendea. "Nyie mnasema nampiga bure. Aniitike tu, mie nitampiga kwa nini? Ulizeni majirani kama anaitikaga mtu." Na majirani, Mungu atusamehe, walinyamaza, maana ni kweli alikuwa haitiki.

Sheikh akamgeukia mama mdogo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa pembeni, ubavu wa kushoto ndio uliomwelekea sheikh, macho yake yako uani. "Mwanangu," alisema sheikh, "haya anayosema mumeo ni kweli?"

Hakujibu.

"Mwanangu, nakuuliza. Una kiburi kwa mumeo?"

Mama mdogo alikuwa anamtazama kuku anavyoparua chini ya beseni.

"Si mnaona?" alisema baba mdogo. Alifungua mikono, amefurahi, amewathibitishia. "Sheikh mzima anamwita."

Mama yangu aliinuka. Sijui aliona nini ambacho sisi hatukukiona. Alizunguka mkeka akapiga magoti nyuma ya mdogo wake, akapeleka mkono karibu na sikio lake la kushoto, akaalisha vidole vikalia. Mara ya kwanza. Mara ya pili, kwa nguvu. Mama mdogo hakupepesa. Akahamisha mkono upande wa kulia, akaalisha polepole, na mama mdogo akageuka.

"Naam, dada? Wameniuliza kitu?"

Sheikh alitoka kwenye kiti chake akaja akachuchumaa upande wa kulia, karibu, akamwuliza lini sikio lile lilikufa. Mama mdogo alijibu kwa utaratibu, kama mtu anayeulizwa njia. Alisema ni Ramadhani ya mwaka juzi, futari ilichelewa, akapigwa, masikio yakavuma mpaka Idi, kisha la kulia likarudi na la kushoto halikurudi. Sheikh akauliza kwa nini hakusema. Akasema alisema kwamba anapigwa, na wazee walimtafuta alama.

"Na kabla ya Ramadhani hiyo," aliuliza sheikh, "alikuwa anakulaumu kwa kutoitika?"

Mama mdogo alifikiri. "Hapana, sheikh. Hilo lilianza baadaye."

Nilimtazama baba mdogo. Nilitaka kuuona uso wake na niliuona. Hakuwa anajua. Alimpiga sikio likafa, kisha akaanza kumpiga kwa sababu sikio haliitiki, na kila alipompiga alizidi kuliua, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza. Mtu aliyeweza kusoma uso wa Mjapani akajua ameua watu wangapi. Nilisikia hasira ambayo mpaka leo sijaipatia pa kuiweka.

Sheikh aliivunja ndoa ile pale pale, akasema ni kwa madhara, na kwamba mume hana njia ya kumrejea kwa neno lake peke yake. Wajomba walimtoa baba mdogo wamemshika mikono. Kuhusu wanawake waliompiga, mjumbe aliuliza kama kuna anayetaka kusema lolote, na kwa kuwa hakuna aliyesema, akafunga kikao.

Banda lilikufa taratibu. Tulijaribu mtafsiri mwingine kutoka Mabibo, kijana mzuri, lakini watu walisema anasoma kama taarifa ya habari. Baba mdogo alipata banda Mtoni, na huko lilijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Walewale waliosikia habari yake walikwenda. Hata muuza vitumbua, nilisikia, alipita njia ile mara moja mbili akasimama nje kidogo. Mimi sikwenda, lakini upepo ukivuma kutoka huko jioni nilikuwa naisikia sauti, bila maneno, nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Mama mdogo alikaa eda chumbani kwangu. Nilijifunza kulala upande wake wa kulia ili tuweze kuzungumza. Eda ilipokwisha wakaja wajumbe kutoka Mtoni, wazee wenye kofia safi, wakasema yule bwana hali, halali, anajuta, haombi ndoa, anaomba tu nafasi ya kukaa naye mara moja hapa barazani, mbele ya watu, amtamkie kwa mdomo wake maneno ya kuomba radhi. Walisema ameyaandaa muda mrefu na kwamba akiyasikia hatakuwa na budi kusamehe.

Mama yangu alifungua kinywa kuwafukuza. Mama mdogo alimgusa goti anyamaze, akawaza kidogo, akawaambia wale wazee kwa adabu:

"Mwambieni aje." Kisha akapapasa mkeka, ubavuni kwake, mkono wa kushoto. "Ila akae upande huu."